Iweje kitenzi kimoja cha Kilatini kizae “kufika” na “kuondoka”?

Swali limetoka kwa mwalimu wa Kifaransa wa Lubumbashi ambaye siku hizi anajifunza Kihispania. Ameandika hivi: “Nimesoma kwamba llegar ya Kihispania, yaani kufika, na a pleca ya Kiromania, yaani kuondoka, zimetokana na kitenzi kimoja cha Kilatini, plicare, ambacho maana yake ni kukunja. Eti mabaharia wa Hispania walikunja tanga walipofika bandarini, na askari wa Kirumi kule Romania walikunja mahema walipotaka kuondoka. Nilifurahi nikawasimulia wanafunzi. Mmoja akaniuliza: na Kifaransa, mwalimu, chenyewe kilikunja nini? Nikakosa jibu. Je, hadithi hii ni ya kweli? Na plicare imekiachia nini Kifaransa?”

Mwalimu, salaam. Mpe na mwanafunzi huyo salamu zangu, maana swali lake ndilo lililonikalisha chini niandike kwa urefu. Kwa ufupi: udugu wa llegar na pleca ni wa kweli na hauna ubishi. Hadithi ya tanga siikubali. Ya mahema naitilia shaka, ingawa siwezi kuifukuza kabisa. Kifaransa nacho kimerithi mengi, kuliko unavyodhani, na baadhi unayatamka kila siku ukiwa Lubumbashi.

Nianze na udugu. Kwa sura, llegar na pleca hazifanani hata kidogo, na mtu akikuambia zimetoka tumbo moja una haki ya kumtazama mara mbili. Lakini maneno hatuyatambui undugu kwa sura. Tunautambua kwa mwendo wa sauti: sauti fulani ya Kilatini ikigeuka kwa namna fulani katika neno moja la kurithi, tunategemea igeuke vivyo hivyo katika mengine ya rika lake. Chukua pl ya mwanzo wa neno. Mvua kwa Kilatini ni pluvia, na iliyojaa ni plena. Kihispania kimezifanya lluvia na llena. Kireno, chuva na cheia. Kiitalia, pioggia na piena. Kifaransa kimeiacha pl ilivyo, pluie na pleine, na Kiromania vilevile, ploaie na plină. Sasa mpitishe plicare katika milango hiyohiyo mitano: llegar, chegar, piegare, plier, pleca. Kila mmoja amevaa nguo za nyumba yake.

Bado ile c ya katikati. Ipime kwa pacare, kutuliza, kitenzi ambacho baadaye kikawa kulipa, kwa kuwa ukimlipa mdai umemtuliza. Kihispania, Kireno na Kiitalia wameilainisha ikawa g: pagar, pagar, pagare. Kifaransa kimeimeza: payer. Kiromania kimeishika: a împăca, kupatanisha. Ndivyo ilivyo kwa llegar, chegar na piegare zenye g, plier isiyo na kitu, na pleca yenye c yake. Kwa upande wa sauti, basi, kesi imekwisha. Kinachobaki ni maana, na hapo ndipo watu wanapoanza kutunga hadithi.

Plicare ni kukunja, kama kukunja nguo au karatasi. Kikiwa peke yake, bila kiambishi, kitenzi hiki hakikupendwa sana na waandishi wa Kilatini cha vitabuni, lakini mahali pamoja kinaonekana wazi kama mchana. Katika kitabu cha 5 cha Aeneis, Vergilius, mshairi aliyefariki mwaka 19 KK, anaeleza mashindano ya mashua. Mashua moja imegonga mwamba, makasia yamevunjika, inajikokota nyuma ya wenzake. Mshairi anaifananisha na nyoka aliyepitiwa na gurudumu barabarani. Mbele bado mkali, macho yanawaka, shingo imeinuka, anafoka. Nyuma amepondeka, na kile kilema kinamzuia asiende, akawa anajifunga mafundo na kujikunja juu ya viungo vyake mwenyewe: seque in sua membra plicantem. Hiyo ndiyo plicare.

Na tazama mistari miwili mbele yake. Mashua ile iliyokuwa ikijikokota kama nyoka inafungua matanga, na inaingia mlangoni mwa bandari matanga yakiwa yamejaa upepo: velis subit ostia plenis. Anayekunjwa hapa ni nyoka. Chombo kinafika na tanga wazi. Sidai kwamba shairi moja linathibitisha mabaharia wote walifanyaje kazi yao, lakini tangu niliposoma mistari hiyo pamoja sijaweza tena kuisimulia hadithi ya tanga bila kusita.

Kuna sababu nzito zaidi ya kusita. Kilatini kilikuwa na kitenzi chake cha kukusanya tanga, nacho ni legere, kitenzi kilekile cha kuokota na cha kusoma. Vergilius huyohuyo, katika kitabu cha 1 cha Georgica, anasema baharia anakusanya matanga yaliyolowa, umida vela legit. Anafanya hivyo kwa sababu dhoruba imechachamaa. Bandari haijatajwa. Kukunja tanga, kwa mtu wa bahari, kuna sababu nyingi, na kufika ni mojawapo tu. Kwetu mwambao tanga hutwekwa na hutuliwa, na ni kule kutua ndiko kulikotupa maana ya kufika: mzigo hutua, ndege hutua, mgeni hutua. Lugha ikitaka kuchukua neno la tanga ilifanye la kufika, hulichukua lile ambalo mabaharia wanalitumia kweli. Mabaharia wa Kirumi hawakuliita jambo hilo plicare.

Basi llegar imetoka wapi? Imetoka kwa mtoto wa plicare aliyevaa kiambishi: applicare, yaani ad na plicare.

Hapa naomba unifuate polepole, maana huu ndio moyo wa jambo. Kilatini kiliweka viambishi mbele ya kitenzi kama sisi tunavyoweka viambishi nyuma. Sisi tuna kunja, tukaongeza tukapata kunjua, kunjuka, kunjana, na mtu ambaye uso wake haukukunjamana tukamwita mkunjufu. Wao walikuwa na explicare, kukunjua, na kwa hiyo kueleza. Implicare, kukunjia ndani, kutatiza. Complicare, kukunja pamoja. Replicare, kukunja kurudi ulikotoka, baadaye kujibu. Applicare ilikuwa kukiweka kitu kikalalia kingine, kukiegemeza, kukiambatisha. Ukisema navem applicare umesema kukisogeza chombo hadi kiguse nchi kavu. Kiswahili kina neno linaloingia hapo bila kupungua wala kuzidi: kuegesha. Leo tunaegesha magari, lakini lilikuwa neno la mabaharia kabla halijawa la madereva. Applicare ni kuegesha chombo.

Kwa hiyo harufu ya bahari ipo katika llegar, hadithi haikuitoa hewani tu. Ila haitoki kwenye kitambaa cha tanga kinachokunjwa. Inatoka kwenye ubavu wa chombo unaogusana na ufuo. Joan Coromines, mwanaisimu Mkatalani aliyeandika kamusi kubwa ya asili za maneno ya Kihispania, aliifuata njia hii ya applicare, nami namfuata. Kihispania chenyewe kimeacha alama. Mtu wako wa karibu, jamaa au rafiki asiyekosa msibani kwako, anaitwa allegado. Kireno kina achegar, kusogeza, na aconchegar, kumfunika mtu vizuri apate joto au kumkumbatia. Ukaribu na mguso vimo katika damu ya familia hii.

Neno lilitokaje majini likapanda bara? Hapa tuna shahidi ambaye namthamini kuliko wote, naye ni mwanamke. Anaitwa Egeria. Mwishoni mwa karne ya 4 alisafiri kutoka pande za magharibi ya mbali za dola ya Kirumi kwenda kuhiji Yerusalemu, Sinai na Mesopotamia, akawaandikia dada zake wa kiroho barua ndefu akieleza kila alichokiona. Nakala yake ilipatikana mwaka 1884 katika mji wa Arezzo, Italia, na Gian Francesco Gamurrini. Imekatika mwanzo na mwisho, lakini iliyobaki ni hazina, kwa sababu Egeria hakuandika Kilatini cha kujipamba. Aliandika karibu na alivyosema.

Alipofika Edessa, mji ambao leo uko Uturuki na unaitwa Şanlıurfa, askofu wa hapo alimsimulia jinsi jeshi la Waajemi lilivyokuja zamani kuuzingira mji. Waajemi walipokuwa wanaukaribia, giza likawafunika. Na Egeria anaandika: cum iam prope plicarent civitati, walipokuwa tayari wanausogelea mji, hata wakawa kwenye maili ya tatu kutoka mjini.

Soma tena hapo, mwalimu. Hakuna bahari. Hakuna chombo wala tanga. Ni askari wa nchi kavu wanatembea, na kitenzi ni plicare, kimeshavua kile kiambishi ap- na kimebaki na maana yake. Na kitu kingine ambacho wengi hupita bila kukiona: Waajemi hao hawajafika. Wako maili tatu za Kirumi mbali, kama kilomita nne na nusu hivi. Plicare ya Egeria ni kuelekea na kusogea. Ni mwendo wa mtu aliye njiani anayeuona mji mbele yake. Kufika bado. Mahali pengine yeye na wenzake wanasogea mpaka baharini, na hapo anatumia kitenzi hichohicho pamoja na “sisi wenyewe”: plicavimus nos ad mare, tulijisogeza hadi baharini. Nitalirudia jambo hili tukienda Romania.

Kabla ya hapo, kuna jirani wa nyumbani ambaye ananifanya niiamini njia ya “kuambatana” hadi “kufika” bila wasiwasi. Kiswahili kilichukua kutoka Kiarabu kitenzi kuwasili. Mzizi wake kwa Kiarabu, w-s-l, una maana ya kuunga na kuunganisha, na pia ya kufika. Maana zote mbili tumezichukua, kila moja na nguo zake: treni imewasili Kigoma, na papo hapo watu wawili wanawasiliana, serikali ina wizara ya mawasiliano. Kuwasili ni kuunganika na mahali. Kiromania kilipohitaji neno la kufika, kwa kuwa pleca ilikuwa imeshakwenda kwingine, kilitumia a ajunge, na hilo linatoka Kilatini adiungere, kuunga kwenye. Waarabu, Waromania na Wahispania hawakuulizana. Kila mmoja kwa wakati wake aliona kwamba anayefika ni yule aliyegusana na alikokuwa anakwenda. Kifaransa kilipita njia ya jirani kabisa: arriver ina ndani yake ripa, ukingo wa mto au ufuo. Kufika ni kugusa ukingo.

Sasa Romania. Nchi waliyoiita Dacia ilitwaliwa na Kaisari Trajanus mwaka 106, na Warumi wakaiacha katika miaka ya 270 chini ya Aurelianus. Kilatini cha pande za Danube kikabaki mbali na ndugu zake wa magharibi kwa karne nyingi, kikalea maana zake chenyewe. Hadithi ya mahema inasema kwamba askari, au wachungaji, walisema “tukunje” wakimaanisha tukunje mahema tuondoke, na hatimaye hema likasahaulika kikabaki kitenzi.

Siwezi kuicheka hadithi hiyo, hasa nikiwa mtu wa Kiswahili. Tunasema kukunja jamvi kwa kumaliza shughuli na kutawanyika, na hakuna anayetafuta jamvi liko wapi. Tunasema kufungasha virago hata kama anayeondoka ana masanduku ya magurudumu. Barcelona leo, kwa Kikatalani, plegar ni kukunja, na pia ni kutoka kazini: mtu anamuuliza mwenzake wa ofisini leo anakunja saa ngapi, na anajibiwa saa kumi na moja. Kwa hiyo kitenzi cha kukunja kuwa cha kuondoka ni jambo linalowezekana, na Wakatalani wamekaribia kulifanya mbele ya macho yetu.

Kinachonizuia ni kilekile kilichonizuia kwenye tanga. Askari wa Kirumi walikuwa na maneno yao ya kung'oa kambi, na tunayajua, kwa sababu jenerali wao mmoja alikuwa mwandishi hodari. Julius Caesar, akisimulia siku ya vita vya Pharsalus mwaka 48 KK, anasema ishara ya kuondoka ilikuwa imeshatolewa na mahema yameshateremshwa, tabernaculis detensis, pale alipoona jeshi la adui yake Pompeius limesogea mbele kuliko kawaida. Kitenzi ni detendere, kulegeza kilichokuwa kimetandwa. Walikuwa pia na vasa colligere, kukusanya vyombo, ambayo ni kufunga virago kwetu. Plicare haionekani katika kazi hiyo. Najua lugha ya jenerali msomi siyo ya askari wa karne tatu baadaye kwenye baridi ya Danube, ndiyo maana nimesema siwezi kuifukuza hadithi moja kwa moja. Lakini hadithi nzuri isiyo na shahidi inabaki hadithi nzuri, na mbele ya wanafunzi nisingeipa zaidi ya hapo.

Kiromania chenyewe kinatuelekeza kwingine. Kitenzi a pleca hakijaacha maana yake ya kupinda. A pleca capul ni kuinamisha kichwa. Plecăciune ni ile hali ya kuinama mbele ya mkubwa kwa heshima. A apleca, ndugu yake mwenye kiambishi, ni kuinamisha, kuegemea upande. Kwa hiyo katika lugha hii plicare ilikaza zaidi kwenye kupinda kuliko kwenye kukunja nguo, na mtu anayejipinda kuelekea upande fulani ni mtu anayeshika njia. Warumi walisema pia iter flectere, kupinda safari, kugeuza mwendo. Kutoka kupinda, hadi kugeukia upande fulani, hadi kushika njia, hadi kuondoka, kila hatua ni fupi na hakuna hema linalohitajika.

Kuna na kipande kingine cha ushahidi, kidogo lakini nakipenda. Maandishi ya zamani kabisa ya Kiromania yenye tarehe ya uhakika ni barua ya mwaka 1521, ambayo mfanyabiashara Neacșu wa Câmpulung alimwandikia mkuu wa mji wa Brașov kumtahadharisha kuhusu Waturuki. Barua nzima ni habari za watu na vyombo vinavyokwenda: sultani ametoka Sofia, wamekwenda kupandisha Danube, mtu amekuja kutoka Nicopolis, vyombo vimepita. Kama kuna mahali a pleca ingepata nafasi ya kumaanisha kuondoka, ni pale jeshi linapoondoka mjini. Neacșu hakuitumia. Aliandika au ieșit, ametoka, kutoka Kilatini exire, na se-au dus, wamekwenda zao. Barua moja haiwezi kuhukumu lugha nzima, na huenda mwenzake wa kijiji cha pili angeandika vingine. Mimi inanitosha kunikumbusha kwamba maana ya kawaida leo si lazima iwe ndiyo iliyokuwa mdomoni mwa kila mtu tangu siku za Aurelianus.

Sasa mrudie Egeria na Waajemi wake kwenye maili ya tatu. Kama plicare ya karne ya 4 ilikuwa kuelekea, kusogea, kuwa njiani kwenda mahali, basi haina haja ya hadithi mbili, moja ya pwani na moja ya kambini. Mwendo mmoja una ncha mbili. Watu wa Iberia waliushika kwenye ncha ya mwisho, pale unapogusa ulikokuwa unakwenda, wakapata llegar na chegar. Watu wa Danube waliushika kwenye ncha ya mwanzo, pale unapojipinda kuelekea huko na kuwapa mgongo waliobaki, wakapata pleca. Hayo ni maoni yangu, na wapo wanaisimu wanaoziona safari hizi mbili kuwa za mbali zaidi kati yao kuliko ninavyoziona mimi. Lakini ukiniuliza niwaambie nini wanafunzi wa Lubumbashi, ningewaambia hivyo.

Tumjibu sasa yule kijana: Kifaransa kilikunja nini?

Kwanza kilikunja kitenzi chenyewe mara mbili. Katika Kifaransa cha kale silabi ya mzizi iligeuka kwa namna moja ikiwa na mkazo na kwa namna nyingine ikiwa haina, kwa hiyo kitenzi kimoja kilikuwa na mashina mawili. Wasemaji hawakupenda hali hiyo, wakazinyoosha pande zote mbili. Wengine walilifanya shina moja litawale wakapata ployer, wengine wakafuata mfano wa vitenzi kama prier wakapata plier. Mwishowe vikawa vitenzi viwili vyenye kazi mbili: plier unakunja shuka na karatasi, ployer ni tawi linapopinda kwa uzito wa matunda, nacho leo ni cha vitabuni zaidi. Pli ni mkunjo, na kwa kuwa barua ilikuwa karatasi iliyokunjwa ikafungwa, pli ikawa barua yenyewe. Matangazo ya zabuni mpaka leo yanataka uwasilishe maombi sous pli fermé, ndani ya bahasha iliyofungwa.

Kisha kuna implicare. Ilipopita midomoni mwa watu wa Galia, Ufaransa ya leo, karne kwa karne ikawa employer. Kumkunjia mtu ndani ya shughuli, kumhusisha, kumtumia, kumpa kazi. Emploi anayoitafuta kila kijana wa Katanga baada ya shahada ni mkunjo wa Kirumi. Kihispania kikaipenda hivyohivyo, kikaichukua kutoka Kifaransa na kuifanya emplear. Kiitalia kina yake ya kurithi, impiegare, na karani wa ofisi ni impiegato. Lakini wasomi nao walirudi kwenye vitabu vya Kilatini wakaichukua implicare mara ya pili, mbichi, ndipo tukapata impliquer. Kwa hiyo employer na impliquer ni neno moja lililoingia nyumbani kwa milango miwili: moja kwa mlango wa jikoni na sauti zote zimesagika, jingine kwa mlango wa mbele na herufi zake zote kamili. Mfundishe mwanafunzi kuitafuta ile c au qu. Ikiwepo, kama katika appliquer, expliquer, compliquer, répliquer, neno limetoka kwa wasomi. Ikiwa imemezwa, kama katika plier, déployer, employer, neno limetembea kwa miguu.

Waitalia hawakuhitaji kukopa neno la kueleza. Spiegare yao ni explicare ileile ya kurithi, na inafanya kazi zote mbili mpaka leo: mwalimu anakunjua somo, na chombo kinakwenda a vele spiegate, matanga yamekunjuliwa. Hapo ndipo hasa familia hii ilipokutana na tanga, nalo lilikuwa linafunguka.

Na moja zaidi kwa ajili ya Lubumbashi. Umbo la kutendwa la explicare ni explicitum, kilichokunjuliwa chote. Waandishi wa nakala waliandika explicit mwisho wa kitabu, kitabu kimekunjuliwa hadi ncha. Mdomoni mwa watu explicitum ikawa esploit, jambo lililotekelezwa likazaa matunda, na kutoka ukoo huo Kifaransa kina exploit na exploiter. Kila kibao cha exploitation minière unachokipita njiani kwenda shuleni kina plicare ndani yake.

Onyo moja ukiandaa somo: usiliweke complexe katika orodha hii. Linafanana sana na compliquer na wanafunzi watalishika kwanza, lakini linatoka kwenye plectere, kusuka, ambayo ni dada wa plicare kwa babu wa mbali zaidi kuliko Kilatini. Hali kadhalika supplier, kusihi. Wapo wanaosema ni magoti yaliyokunjwa, na wapo wanaoipeleka kwa placare, kutuliza hasira za mkubwa. Wataalamu hawajapatana, na darasani mimi huiacha nje.